Machungwa ya Mapumziko

Gari lilikuwa limeshatoka mlangoni na Kocha Muhdhar bado anafundisha. Alikaa kiti cha mbele, kioo kimeshushwa, mkono mzima uko nje, na Nabiha, msaidizi wake, anakwenda naye sambamba kwa miguu, kwa sababu asubuhi ile kwenye Ndia Kuu gari halikuweza kumpita mtu. Mbele yetu kulikuwa na mkokoteni wa magodoro, na mwenye mkokoteni hakuwa na ndege ya kuwahi.

"Usibadilishe watano wa mwanzo," Muhdhar alisema. "Wasikia? Watu wakikwambia badilisha, waambie waje wafundishe wao."

"Nasikia, kocha."

"Na Duha usimtoe. Hata akichoka. Duha akichoka bado ni zaidi ya yule utakayemtia."

"Nasikia."

"Na refa usimpigie kelele mpaka robo ya tatu. Kelele za robo ya kwanza ni hasara, hakuna anayezikumbuka."

Mimi nilikuwa nyuma, nimebanwa na sanduku, pamoja na Najla, binti yake, aliyekuwa akienda naye mpaka India. Najla alikumbatia bahasha kubwa ya vipimo vya moyo kama mtu aliyepakata mtoto. Kwenye usukani alikuwa Ziad, mwanawe, anapiga honi isiyomsaidia mtu.

"Baba, hebu pumua," Najla alisema. "Daktari amekwambia usiseme sana."

"Daktari hana mechi Alhamisi."

"Anayo. Alhamisi atakupasua wewe."

Nilimwona Nabiha ameuma mdomo. Mambo yalivyopangana ndivyo hivyo: Alhamisi asubuhi, hospitalini India, Muhdhar afunguliwe kifua, na Alhamisi hiyohiyo alasiri, sisi huku, mechi ya mwisho ya msimu. Kocha angekuwa kwenye dawa ya usingizi na timu yake mikononi mwa msichana aliyekuwa msaidizi wake, ambaye hakuwahi kuongoza mechi hata ya kirafiki.

Penye kona mkokoteni ukapinda, njia ikafunguka, Ziad akakanyaga mafuta. Muhdhar alikuwa katikati ya neno. Alitoa kichwa nje akalisema kwa nyuma, lakini honi ililimeza, hata mimi niliyekuwa ndani sikulipata. Niligeuka. Nabiha alisimama katikati ya barabara, kichwa amekiinamisha upande, kama bado anasikiliza, na muuza duka mmoja anamwambia atoke njiani.

Uwanja wa ndege Muhdhar alinishika mkono akakataa kuuachia.

"Yeslam. Najua miguu yakuwasha. Kaa naye mpaka Alhamisi tu."

Nilikuwa nimeshafunga mfuko wangu niende Tanga. Nikamwambia nitakaa.

Sisi wawili tulijuana kwa mpira. Yeye alikaa kiwanja kimoja umri wake wote, pale chuoni kwetu Ganjoni, upande wa kuelekea Mbaraki, akizalisha wachezaji kama mkate. Mimi shule nilisoma vipandevipande, Lamu kidogo, Tanga kidogo, iliyobaki niliokota njiani, na mpira wa kikapu niliuokota Aden kwa mabaharia. Nimefundisha vyuo vya Tanga, Moshi, Jinja, pengine msimu mmoja, pengine miwili, kisha naondoka. Kila nikirudi Mombasa Muhdhar hunipa kazi ya kubeba mipira na kukata machungwa, na mimi huichukua.

Jioni ile ile Nabiha aliitwa na mkuu wa chuo, Bwana Jusab, akaniomba niende naye. Bwana Jusab si mtu mbaya. Ni mtu anayetafuta nafasi. Alitukaribisha, akauliza hali za wagonjwa, akauliza hali za wazima, kisha akafungua pazia akatuonyesha kiwanja.

"Nabiha mwanangu, mimi sina ugomvi na mpira. Lakini walimu wangu waegesha magari barabarani na askari wa kanjo wayafunga minyororo kila siku. Mkibaki daraja la kwanza, kiwanja chenu, hata rangi nitawapakia. Mkishuka, timu ya wasichana basi. Nachora mistari ya magari."

"Na mimi, bwana?"

"Wewe uliandikwa kwa ajili ya timu," alisema, akafunga pazia taratibu.

Kwa hivyo ilikuwa lazima kushinda. Tulikuwa wa pili kutoka chini, na tuliokuwa tukicheza nao ni chuo cha ng'ambo ya daraja la Nyali, ambao wao hawakuwa na la kupoteza, wameshajihakikishia nafasi yao. Kocha wao ni Mama Nasipwondi. Atakayekwambia anajua mpira wa wasichana pwani hii na hamjui Nasipwondi, huyo muongo.

Jumanne na Jumatano Nabiha hakulala, na aliyekuwa karibu naye hakulala pia. Alipiga simu kwa kila kocha mzee aliyemjua. Kocha Fahmi wa Malindi alimwambia, badilisha wote watano mara moja, uwachanganye. Kocha Sabir, aliyestaafu, alimwambia acheze polepole, aue saa. Mwengine akamwambia acheze mbio mpaka wenzao watapike. Alikuja kwangu kiwanjani, simu mkononi imepata moto.

"Ami Yeslam, nishike lipi?"

"Hakuna. Sisi makocha wazee tuna maradhi mamoja, kila mmoja anafundisha mechi aliyoshinda yeye. Mechi yako hakuna aliyeicheza bado."

"Hilo halinisaidii, ami."

"Najua. Waangalie wasichana wako wakiwa hawana mpira. Mwenye mpira kila mtu anamwona. Asiye na mpira ndiye anayekwambia mechi inakwendaje."

Aliitikia kwa kichwa, lakini nilimwona hakunisikia. Alikuwa anahesabu watano wake, midomo inacheza. Duha ndiye aliyeuleta mpira mbele na kuugawa, na timu nzima ilipumua kwa pua yake. Duha ni mtoto wa Najla, yaani mjukuu wa Muhdhar. Kimo kidogo, mdomo mkubwa. Chini ya kikapu alikuwa Fiza, mrefu, mpole, anayeomba radhi akimkanyaga mtu. Na pembeni Loise, wa Changamwe, Mkristo, mcheshi, ambaye kwa kula hakuwa na mpinzani chuoni. Machungwa yangu ya mapumziko Loise alikuwa akiyapokea angani kabla sijaweka sinia chini.

Alhamisi jua liliwaka kama limetumwa. Kiwanja chetu ni saruji tupu, hakina paa, na malori yanayokwenda gatini Mbaraki yalitupa vumbi na kelele. Watu walijaa ukutani. Bwana Jusab alikaa kiti cha mbele, nadhifu, kanzu yake nyeupe, jicho moja kwenye mchezo na jingine linapima kiwanja. Hospitalini hakujatoka neno. India wametutangulia saa, na kwa hesabu yangu kazi ilikuwa iwe imekwisha zamani. Simu ya Duha ilikuwa kwenye begi la mipira, kwangu, na kila msichana aliyepita benchi aliliangalia begi kabla ya kuniangalia mimi.

"Haijalia, ami?"

"Haijalia. Cheza."

Robo ya kwanza tulikwenda vizuri. Duha alikuwa akimpita yule wa kumlinda kama mlango ulio wazi. Nabiha alisimama mstarini, mikono nyuma, hakumpigia refa kelele, hakubadilisha mtu. Kila kitu alichoambiwa alikifanya. Katika robo ya pili timu ikaanza kuvuja. Pasi nyepesi zikawa zinaanguka. Fiza alipiga goti akakaa nalo. Loise alisimama akitazama mpira unapita karibu yake kama gari la mtu mwengine. Duha alikuwa bado anakimbia, lakini kila akisimama alikuwa anashika nguzo ya kikapu.

"Nimtoe apumzike?" Nabiha alininong'oneza.

"Kocha leo nani?"

"Kocha alisema nisimtoe."

"Basi wewe waniuliza nini?"

Firimbi ya mapumziko ilipolia tulikuwa nyuma kwa vikapu vinne. Nilichukua sinia, machungwa nimeyakata na kuyatia chumvi na pilipili kidogo kama wanavyopenda, nikaliweka kwenye benchi. Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Loise," nikasema. "Kulikoni?"

"Sina njaa, ami," alisema Loise, akageuza uso upande wa malori.

Nilikuwa bado nimesimama na maneno hayo nilipomwona Mama Nasipwondi anavuka kiwanja. Ni mama mnene, mzito wa mwendo, amevaa kofia ya jua, na mkononi anaburuta kiti chake cha plastiki, kwa sababu haketi kiti cha mtu. Alikiweka mbele yangu akaketi.

"Mzee Yeslam. Kumbe bado hujafa?"

"Nakungoja utangulie, Nasipwondi."

"Hawa watoto wako wamefunga leo."

"Leo si Ramadhani."

"Najua si Ramadhani, mzee, usinifundishe. Lakini leo ni Alhamisi, na mimi nimekaa na wasichana wa hapa kabla huyo kocha wenu hajazaliwa. Angalia chupa zenu za maji, zimejaa mpaka shingo. Angalia yule mrefu, anatema mate kila saa, hataki kumeza. Angalia midomo."

Nikaangalia. Nilikuwa nimemwambia Nabiha awaangalie wasiokuwa na mpira, na mimi mwenyewe nilikuwa naliangalia begi la simu.

"Na waniambia mimi kwa nini?"

"Kwa sababu yule mdogo wenu ataanguka. Na akianguka kwa saruji hii, mimi ndiye nitambeba. Wengine hapa hamna mgongo."

Nilimwita Fiza kando, kwa sababu Fiza hawezi kusema uongo, hata akitaka. Alitazama viatu. Ndiyo, wamefunga. Wote. Duha ndiye aliyelitoa wazo. Walikubaliana tangu Jumatatu, wafunge sunna ya Alhamisi, wamwombee kocha wakiwa na swaumu, na wasimwambie mtu, maana amali ya namna hiyo haitangazwi, na tena Nabiha angewakataza.

"Na Loise?"

"Loise alisema hawezi kula peke yake, ami. Alisema kocha ni wake pia."

Nilikwenda nikamwambia Nabiha. Nilidhani atapiga kelele. Alikaa kwenye benchi, pembeni ya sinia.

"Ami," alisema. "Hata mimi."

"Hata wewe nini?"

"Hata mimi nimefunga. Sikuwaambia. Nilidhani ni mimi peke yangu."

Nasipwondi alikuwa ametufuata na kiti chake. Alinigeukia mimi.

"Na wewe, mzee?"

"Mimi nimekula viazi karai mchana."

"Afadhali mmoja ana akili." Kisha akamwambia Nabiha, na sauti akaishusha: "Sikiliza, binti. Usiwahubirie. Ukihubiri watabishana na wewe mpaka firimbi ilie. Chukua chupa, kunywa wewe, wakuone. Hiyo tu. Mimi nimemaliza, nisije nikaitwa msaliti." Akabeba kiti chake akaenda zake.

Nabiha alichukua chupa. Akaifungua. Akakaa nayo.

"Ami, na nikinywa, halafu ile simu ilie?"

Sikumuuliza amaanisha nini. Nilijua. Wote walikuwa na hofu hiyo hiyo moja, kwamba uzi wa uhai wa kocha umeshikwa na swaumu yao, na atakayeuachia kwanza ndiye atakayekuwa amemuua Muhdhar. Na mimi, Mungu anisamehe, na viazi vyangu tumboni, niliogopa pia.

"Mimi sikusoma sana," nikamwambia. "Lakini hili nalijua na wewe walijua. Hii ni sunna, una hiari nayo. Na Muhdhar hayuko kwenye chupa hiyo. Yuko kwa Mola wake na kwa daktari. Walio mikononi mwako ni hawa."

Aliinuka akaenda katikati yao. Akapiga bismillahi, akanywa, akanywa mpaka maji yakamtiririka kidevuni. Wasichana walimtazama kama mtu anayevua nguo hadharani. Akachukua kipande cha chungwa akala.

Kisha Loise:

"Basi mimi nani?" Akabeba vipande mikono miwili. "Jamani nilikuwa nakufa. Nyinyi mwafanyaje mwezi mzima? Nimeanza kuona refa wawili."

"Refa ni wawili, Loise," alisema Fiza.

"Basi nilikuwa naona wanne."

Wakacheka, wakafungua chupa, mmoja mmoja, kila mmoja akimwangalia mwenziwe kwanza. Sinia likawa tupu. Aliyebaki ni Duha.

"Kunyweni nyinyi," alisema. "Babu ni wangu."

"Duha," Nabiha alisema.

"Wewe umeshamtupa. Sawa. Mimi simtupi."

"Hakuna aliyemtupa mtu. Kunywa, au keti."

"Nikae benchi? Babu alikwambia usinitoe! Nilikuwa dirishani juu gari likitoka, nilimsikia!"

"Alisema ukichoka. Hakusema ukianguka." Sauti ya Nabiha ilikuwa imekaa mahali. "Siwezi kumwambia mama yako, baba yake yuko kitandani na mtoto wake yuko kitandani. Keti, Duha."

Duha akaketi mwisho wa benchi, karibu na begi, akajifunika taulo kichwani.

Robo ya tatu ilianza bila yeye na ukuta mzima ukanung'unika. Bwana Jusab alisubiri, akasubiri, kisha akainuka akaja na kanzu yake.

"Mwanangu, yule msichana mbona amekaa? Ameumia?"

"Amefunga, bwana."

"Ah! Basi si afungue? Sunna hii."

"Mwambie wewe."

Bwana Jusab alikwenda. Nilimwona anainama, anasema, anatumia mikono. Nilisikia sauti ya Duha kutoka chini ya taulo, kubwa, ukuta mzima umesikia: "Ami Jusab, wewe waniambia nile mchana?" Bwana Jusab alisimama wima, akaangalia kulia na kushoto, watu wote wanamjua, wengine anaswali nao safu moja. Akarudi kwenye kiti chake bila kupitia kwetu.

Waliokunywa maji walicheza. Hawakucheza vizuri, kwa sababu hakuna aliyezoea kuuleta mpira mbele, Loise aliudunda kama anaua nyoka, lakini walikimbia. Fiza aliruka akachukua kila mpira uliorudi, na kila akimkanyaga mtu hakuomba radhi tena. Kikapu kwa kikapu tukajivuta. Mimi nilikuwa nimekaa na begi mapajani na mikono yangu juu yake, ili likitetemeka nijue. Halikutetemeka. Niliwaza maneno ya kumwambia Duha kama habari ni mbaya, nikakosa hata moja, na nimesema maneno mengi katika umri wangu.

Mwisho mwisho wa robo ya nne tulikuwa nyuma kwa kikapu kimoja. Mama Nasipwondi alisimama. Wasichana wake waligeuka wote kumtazama, kwa vile hawakumzoea akiwa wima. Alimnyooshea Loise kidole kimoja tu. Wakamjaa Loise wawili wawili, naye akaanza kupoteza mpira. Nabiha akasimamisha mchezo.

Ndipo Duha alipotupa taulo.

"Nitie."

Ukuta ulimwona amesimama, ukaanza kuliita jina lake. Du-ha. Du-ha. Hata Bwana Jusab alikuwa amesimama. Jua lilikuwa limeinama, lakini magharibi bado haijafika. Saruji ilikuwa bado inatoa moto.

"Umekunywa?" Nabiha alimuuliza.

"Nimepumzika. Nitie. Nitawapita wale wawili, wewe wajua nitawapita."

"Nauliza umekunywa?"

"La."

Nabiha alimtazama. Nyuma ya Duha ulikuwa ukuta wa watu, nyuma ya watu dirisha la ofisi ya Bwana Jusab, pazia limefungwa. Alijua kila kitu kilichokuwa pale. Nilimngojea aniulize nishike lipi. Hakuniuliza.

"Keti," alimwambia Duha. Kisha akawageukia wengine: "Loise, wakikujia wawili usidunde. Mtupie Fiza juu, usitazame."

Loise alimtupia Fiza juu, bila kutazama. Fiza aliudaka, akageuka, akautupa. Mpira ulizunguka mdomo wa kikapu, ukazunguka, ukatoka. Firimbi ikalia.

Watu waliondoka haraka, kama wanavyoondoka msibani wasiohusika. Nasipwondi alikuja akampa Nabiha mkono, akaushika muda mrefu, hakusema kitu cha mchezo. Alimuuliza tu anakaa wapi na kama ana simu.

Begi likatetemeka.

Duha alikuwa karibu nalo kuliko mimi, lakini hakuligusa. Alirudi nyuma hatua, mikono mdomoni. Wasichana wote wakaganda walipokuwa. Nikaitoa ile simu. Ilikuwa jina la Najla. Nikafungua sauti wasikie wote, maana sikuweza kuisikia peke yangu.

"Ami Yeslam? Mbona wewe? Duha yuwapi?" Nyuma yake palikuwa na kelele za vyombo. "Mtandao hapa haushiki, tangu asubuhi nahangaika. Hawakumpasua."

"Hawakumpasua?"

"Sukari imepanda. Wameahirisha mpaka wiki ijayo. Yuko hapa, yuwala wali. Ngoja."

Simu ikabadilisha mkono. Tukasikia mtu anatafuna.

"Mmeshinda?" Muhdhar alisema.

Nabiha akasogea.

"Tumeshindwa, kocha. Kwa kikapu kimoja."

"Duha alitia vingapi?"

"Nilimtoa."

Kutafuna kukasita. "Nilikwambia nini? Pale Ndia Kuu nilikwambia nini?"

"Alikuwa amefunga, kocha. Wote walikuwa wamefunga. Kwa ajili yako."

Tulisikia vyombo, tukasikia Najla anauliza nini, nini tena.

"Mimi nimekula mara mbili leo," alisema Muhdhar, na sauti haikuwa yake. Kisha simu ikakatika, au aliikata.

Duha alikaa chini kwenye saruji. Adhana ya magharibi ikaanza. Loise alimpelekea chupa na kipande kimoja cha chungwa alichokuwa amekificha mfukoni, Duha akavipokea, akanywa, akala, hakumtazama Nabiha.

Muhdhar alipasuliwa wiki iliyofuata, akapona. Amekatazwa ngazi na amekatazwa mpira. Hukaa duka la mapazia la Ziad, Ndia Kuu. Timu ya wasichana ilivunjwa muhula uliofuata na kiwanja kikachorwa mistari ya magari. Bwana Jusab amestaafu, yuko kwa mwanawe Nakuru. Loise alichukuliwa na timu moja ya Nairobi, analipwa mshahara. Fiza yuko Dar es Salaam, ana duka la miwani na watoto wawili. Duha alimaliza masomo, anafanya kazi ofisi ya mizigo Mbaraki, hakucheza tena. Yeye na Nabiha husalimiana harusini tu. Nabiha alipigiwa simu na Nasipwondi kabla ya mwezi kwisha, akawa msaidizi wake, na Nasipwondi alipopumzika akaachiwa timu. Msimu uliopita walimaliza wa nne. Mimi niliondoka Ijumaa ile. Niko Pangani, nafundisha shule yenye kikapu kimoja.